Jamaa ya Padri Tempels: Sifa Yake na Kasoro Yake

Kila mara watu wapendao mafundisho mamoja wanapokusanyika, huzaliwa kitu chema, na papo hapo huzaliwa hatari. Katika Kongo yetu mfano ulio wazi ni Jamaa, iliyoanzishwa na Padri Placide Tempels, Mfransisko. Twataka kuipima kazi yake kwa haki, maana hata sisi wa Burungu, katika nchi ya Masisi, twajenga mashirika madogo ya Wakristo, na heri kujifunza kwa kosa la mwenzako kuliko kungoja kosa lako mwenyewe.

Padri Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Miaka ya kwanza alifundisha kama wengi walivyofundisha siku zile: yeye husema, watu husikiliza. Baadaye akaona kwamba maneno yake yateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Basi akaacha kusema, akaanza kuuliza: Wewe u nani? Wataka nini katika maisha yako? Kwa majibu ya Waluba alitunga kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, kilichopigwa chapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, na tena Paris mwaka 1949. Neno kubwa la kitabu ni hili: kwa Mbantu, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kadiri mtu anavyoungana na wenzake.

Wengi wamekikosoa kitabu hicho. Aimé Césaire wa Martinique, mwaka 1950, alikasirika kuona mtu mweusi akisifiwa kwa falsafa yake huku mali na mshahara wake vikiachwa mikononi mwa wengine. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alionyesha njia nyingine, yaani kuanza na maneno ya lugha moja na kuyachungua moja moja. Paulin Hountondji wa Benin alikataa kuiita falsafa fikira isiyo na mwenyewe, inayosemwa kuwa ni ya taifa zima.

Sisi nasi twaona kasoro hiyo. Mbantu wa kitabu hana jina, hana jirani, wala hagombani na mtu. Lakini katika Masisi na Walikale wakaa Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi na wengine, na hata nyumba moja haina wazo moja. Anayesema, “Wabantu wote wafikiri hivi,” amewanyamazisha wengi kabla hawajafungua kinywa. Hata hivyo twamsifu Padri Tempels kwa jambo moja: aliuliza. Siku zile wachache waliuliza.

Sifa yake kubwa si kitabu, bali ni watu. Mnamo mwaka 1953, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Union Minière, ilianza Jamaa. Watu wale walikuwa wametoka makwao, wametupwa pamoja kambini bila mjomba wala shangazi. Jamaa ikawapa ndugu. Mafundisho yake yalikuwa katika maneno matatu ambayo hata mama asiyejua kusoma aliyashika: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, si mmoja mmoja. Waliokwisha kuingia wakawa baba na mama wa wale wapya, na padri mwenyewe aliweza kuwa mwana wa watu aliowabatiza. Mke aliyezoea kula jikoni peke yake aliketi, akasema, akasikilizwa. Hilo si jambo dogo.

Sasa kasoro. Kuingia Jamaa kulikuwa na njia tatu, moja baada ya nyingine, na mambo ya ndani hayakusemwa mbele ya wasioingia. Hapo ndipo ufa ulipoanzia. Penye siri, aliye nje hushuku, na aliye ndani hujivuna. Wakristo wa parokia moja wakawa wa aina mbili. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, asirudi tena Kongo, akafa mwaka 1977. Nyuma yake makundi mengine yalipotoka, maaskofu wakalazimika kuyaonya, na mengine yakajitenga na Kanisa. Mafundisho yalikuwa ya mapendo, lakini mapendo yale yalianza kuishia mlangoni.

Kwa nini twayasema haya Burungu? Kwa sababu mlango ndio shida yetu. Mwaka 1993 vita vya makabila vilianza Ntoto, katika Walikale, vikaenea Masisi. Mwezi wa Mei 1996, waliokimbilia monasteri ya Mokoto, karibu nasi, waliuawa. Sala moja ilikuwa imesaliwa na watu wa pande zote mbili. Basi tusijidanganye kwamba kusadiki neno moja kwatosha kuwafanya watu wapendane.

Sisi wenyewe tumekosa. Katika shirika moja hapa kwetu aliingia mama mmoja, mkimbizi, akaketi karibu na mlango. Tulisoma Injili, tukaieleza vizuri sana. Tulipomaliza, kila mtu alizungumza na jirani yake kwa lugha ya kwao, na yule mama akaondoka bila kuulizwa hata jina lake. Juma lililofuata hakuja. Mafundisho yetu siku ile hayakuwa na kosa hata moja; kosa lilikuwa sisi.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kitabu cha Padri Tempels kisomwe, lakini kwa kupimwa, si kwa kuabudiwa. Katika Jamaa yake tuchukue ile desturi ya mume na mke kuketi pamoja, na ile ya mkubwa kufundishwa na mdogo. Siri na ngazi tuziache. Shirika lisipimwe kwa jinsi wanavyopendana waliokwisha kukubaliana. Lipimwe kwa jinsi anavyojibiwa yule asiyekubali, na anavyopokewa yule asiyejulikana. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni angoje kwanza mpaka afundishwe.

Na ile kazi ya kwanza ya Padri Tempels, kazi ya kuuliza, haihitaji kitabu wala digrii. Jumapili ijayo, kabla ya kufungua Injili, na tumwulize yule aketiye karibu na mlango: Wewe u nani, mama? Wataka nini? Kisha tunyamaze, tumsikilize.