Mtu Mwitu wa Himalaya: Uhakiki wa Jina katika Tintin au Tibet

Hadithi ya picha ya Hergé iitwayo Tintin au Tibet ilitolewa kwa sehemu katika jarida la watoto nchini Ubelgiji mnamo 1958 na 1959, kisha ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Wasomaji wa Kongo wanamfahamu mtungaji huyo zaidi kwa kitabu chake cha 1931, Tintin au Congo, na wengi wao hawataki kusikia zaidi habari zake. Hawastahili kulaumiwa. Lakini kitabu hiki cha Tibet kina jambo linalomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa lugha. Mgogoro wake wote umejengwa juu ya jina moja lililotafsiriwa vibaya.

Kisa chenyewe si kirefu. Ndege inaanguka katika milima ya Himalaya, na kijana wa Kichina, Tchang, anahesabiwa miongoni mwa waliokufa. Rafiki yake Tintin hakubali. Anapanda mlimani pamoja na Kapteni Haddock na kiongozi wa njia, Msherpa Tharkey. Wapagazi wanakimbia kwa hofu ya migou, yule kiumbe mwenye manyoya anayesimuliwa na watu wa milima hiyo, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la yeti. Mwishoni inafahamika kwamba Tchang yu hai, na aliyemwokoa, akamchukua pangoni na kumlisha, ni huyo huyo migou.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kurudi nyuma hadi 1921. Mwaka huo msafara wa Waingereza, ukiongozwa na Charles Howard-Bury, ulipeleleza njia za kuukaribia mlima Everest. Juu ya theluji zilionekana nyayo. Howard-Bury mwenyewe alidhani ni za mbwa mwitu, bali wapagazi wake walitaja jina ambalo Waingereza waliliandika metoh-kangmi. Katika jina hilo, kang ni theluji na mi ni mtu. Neno lililobaki, metoh, ndilo lililoleta balaa. Mwandishi wa gazeti la Calcutta, Henry Newman, aliwahoji wapagazi waliporudi, akaelewa kwamba neno hilo lina maana ya uchafu, akaligeuza kwa Kiingereza kuwa kitu cha kuchukiza mno. Wafaransa wakaipokea tafsiri hiyo pamoja na chuki yake: l'abominable homme des neiges. Wataalamu wengine baadaye walieleza kwamba huenda wapagazi walitamka neno lenye kumchanganya mtu na dubu. Vyovyote iwavyo, waliotazama nyayo hawakutoa hukumu yoyote juu ya tabia ya mwenye nyayo. Hukumu ilitolewa mezani, na mtu ambaye hakuwa mlimani.

Tangu hapo jina likatangulia na ushahidi ukafuata nyuma. Mwaka 1951 Eric Shipton alipiga picha ya unyayo mmoja karibu na barafu ya Menlung, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Mwaka 1960 Edmund Hillary alikwenda kutafuta kiumbe chenyewe. Akaazima katika kijiji cha Khumjung kile kilichodhaniwa kuwa ngozi ya kichwa cha yeti, na wataalamu wakaona kuwa imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2017 ulichunguza vipande 9 vilivyosemwa kuwa vya yeti: 8 vilikuwa vya dubu na 1 cha mbwa. Kwa upande wa elimu ya wanyama, shauri limekwisha. Kwa upande wa fasihi halijaanza hata kidogo, maana dubu hakumfundisha mtu yeyote kusimulia.

Hapa ndipo ubora wa kitabu cha Hergé unapoonekana. Mtungaji alichota habari za umbo la kiumbe kwa Bernard Heuvelmans, ambaye kitabu chake juu ya wanyama wasiojulikana kilitoka 1955. Kichwa kirefu kilichochongoka kinatoka huko. Lakini hakuishia kwenye umbo. Lile jina la kuchukiza linapotumiwa, Tchang analipinga: kwa nini aitwe hivyo mtu aliyemtunza? Msomaji wa haraka hupita juu ya jibu hilo, ilhali ndilo kiini cha kitabu. Mara moja tu katika habari hizi anayesema ni yule aliyekaa na kiumbe huyo, akala chakula chake. Baadaye Tchang anajiuliza kama hana roho ya kibinadamu, na anaomba asipatikane kamwe na watu. Picha ya mwisho inamwonyesha migou akiutazama msafara unaoondoka, peke yake.

Sifa hiyo ina mpaka wake. Anayemtetea migou ni mgeni vilevile. Wenyeji wa jina, Washerpa na Watibeti, wamepewa zaidi kazi ya kuogopa na kukimbia, na wapagazi hawa wanafanana mno na wale wa 1931. Ni vigumu kuisoma huruma anayopewa mnyama wa kubuniwa bila kukumbuka kwamba Mkongo wa kweli hakupewa hata robo yake na kalamu ileile. Kuchapishwa upya kwa kitabu cha Kongo mwaka 1946 kuliondoa somo la darasani lililowafundisha watoto kwamba nchi yao ni Ubelgiji, likawekwa somo la hesabu mahali pake. Michoro ya watu ilibaki na dharau yake.

Linabaki swali la Kiswahili, nalo si dogo kwa wanaofundishwa kutafsiri. Tuseme kitabu hiki kinatiwa katika Kiswahili: huyu ataitwaje? Anayefuata Kifaransa ataandika «mtu wa theluji wa kuchukiza», na kosa la Calcutta litaendelea kutembea kwa miguu mipya. Zimwi linavutia, kwa kuwa masikio yetu yamelizoea. Tena methali ya zimwi likujualo ingemfaa sana Tchang. Lakini zimwi hula watu, na hata sarufi humtenga: zimwi likujualo halikuli. Jitu nalo mara nyingi huchukua li- hiyohiyo inapokusudiwa kuonyesha ukubwa wa kutisha. Kiswahili humpa mbwa, samaki na hata nzi upatanisho wa a- na wa- sawa na binadamu. Kwa hiyo kumwandikia migou «lilimbeba Tchang» ni kumtupa nje hata ya jamii ya nzi.

Jibu lipo katika neno lenyewe la Kitibeti. Migou ni mi, yaani mtu, na rgod, yaani -a mwitu. Nguruwe mwitu kwa Kitibeti ni phag-rgod, na phag ni nguruwe. Muundo ni uleule wa Kiswahili: nguruwe mwitu, mbwa mwitu, paka mwitu. Katika lugha zote mbili mwenye kuitwa hivyo ni ndugu wa yule wa nyumbani, ila amekaa upande wa pili wa ua. Migou basi ni mtu mwitu, na kitenzi chake ni «alimbeba».