Juu ya Picha za Kijana Mmoja wa Tabora

Swali la kwanza ambalo watu wa kwetu huuliza mbele ya picha ni hili: "Ni picha ya nini?" Ni swali jema, wala hatulicheki. Mtu akionyeshwa picha ya ng'ombe ataka kuziona pembe, na akionyeshwa picha ya mtakatifu ataka kumtambua ni nani. Lakini ziko picha ambazo swali hilo haliziwezi, kwa kuwa aliyezichora hakukusudia ng'ombe, wala mtu, wala mti, bali rangi na mistari peke yake, iliyopangwa ipendeze, au itishe, au imtulize mtazamaji. Mbele ya picha za namna hiyo wengi hucheka, na wengine hukasirika wakidhani wanadhihakiwa.

Mambo hayo tumeyafikiri sana siku hizi, kwa sababu kijana mmoja mwenyeji wa Tabora ametuletea picha sita za jinsi hiyo, akaomba tuzipime bila kumwonea haya. Amekwisha maliza shule ya sekondari, na sasa hula kwa jasho lake akiandika majina ya maduka kwenye kuta na vibao. Baba yake amemtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Yeye ataka kuiacha nafasi hiyo awe mchoraji, asiwe na kazi nyingine. Basi hukumu anayoitaka ni mbili kwa pamoja: kama picha zake ni kitu, na kama mtu aweza kuishi kwa hizo. Tutaanza na picha, maana kama hilo la kwanza ni bure, la pili halina haja ya kuulizwa.

Walimu wenzetu wawili, walipoziona, walisema kwamba picha zisizo na sura ya kitu ni mambo ya Ulaya na kwetu hazina asili. Neno hilo halifai kupita hivi hivi, hasa likisemwa Tabora. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji, ilijaa watu waliojua kupima rangi. Stanley, aliyefika Kwihara mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, ameandika jinsi alivyosumbuka kuchagua ushanga wa kununulia chakula njiani. Ushanga mweusi ulikuwa kama fedha Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Ule mkubwa kama yai ulipendwa Ujiji, ukakataliwa penginepo. Mweupe ulipokewa vizuri Ufipa, ukadharauliwa Ukonongo. Sasa ushanga ni picha ya nini? Si picha ya kitu chochote. Ni rangi, na ukubwa, na mng'ao, basi. Hata hivyo msafara uliochukua rangi isiyofaa uliweza kulala njaa katikati ya mizigo yake yenyewe. Wanyamwezi waliobeba mizigo ile mabegani walikuwa na macho yaliyofundishwa, ijapokuwa hakuna aliyewaita wajuzi wa sanaa.

Tena mama zetu wachaguapo kanga sokoni hawaulizi ni picha ya nini. Huitandaza, huitazama pindo na mji wake, hukataa mbili, huchukua ya tatu, na ukiwauliza sababu watakuambia rangi zile "hazielewani." Hiyo ni hukumu ya sanaa, tena ni ya haki.

Zaidi ya hayo, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi palikuwa na chama cha Bayeye, wacheza nyoka, ambao walichora picha katika kuta za nyumba zao za kufundishia wanachama. Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Uganga wao hatuna haja nao sisi Wakristo. Lakini macho hayakukatazwa kuona kazi ya mkono. Mtu katika michoro ile si kama mtu katika kioo. Amepunguzwa, akabaki mistari michache tu, naye nyoka amegeuka kuwa njia iliyopinda yenye madoadoa. Vivyo hivyo kiko kiti cha kitemi cha Unyamwezi, cha miguu mitatu na egemeo refu, kilichokwenda Ujerumani katika zamani za Wadachi na sasa kimo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mgongoni mwa kiti kile mchongaji ameweka umbo la mtu lililorefushwa kuliko mtu awaye yote aliyezaliwa na mwanamke. Hakushindwa kuchonga mtu wa kweli. Aliacha kwa kusudi yale ambayo kiti hakikuyahitaji.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, nasi twaomba mdogo wetu alishike: kuacha kwa kusudi. Mholanzi Mondrian, aliyezaliwa mwaka 1872, alipata kwanza hati ya ualimu wa kuchora, akachora miti na minara ya makanisa kama wachorao wengine. Kati ya mwaka 1908 na 1912 aliurudia mti mara nyingi, na kila mara aliondoa kitu, hata matawi yakawa mistari tu. Baadaye alibaki na mistari myeusi iliyonyoka na miraba ya nyekundu, buluu na manjano. Mtu akiona picha hizo za mwisho peke yake atasema hata mtoto aweza kuzichora. Akiitazama miti ile kwa taratibu yake, ataona safari ndefu ya mtu aliyejua anachokiacha.

Sasa tuzitazame zile sita.

Ya kwanza na ya tatu ni rangi zilizodondoshwa na kurushwa juu ya hadibodi, nyingi mno, nyuzi juu ya nyuzi. Tulitambua mara moja zilikotoka, naye hakukana: ameona katika simu yake picha za Pollock, Mmarekani, aliyeanza mwaka 1947 kutandaza kitambaa chini na kudondosha rangi kutoka juu. Lakini Pollock alikwisha kuchora miaka mingi kabla ya hapo, na mkono wake ulijua wapi uzi wa rangi uwe mwembamba na wapi unenepe. Kwa mdogo wetu nyuzi zote ni unene mmoja. Jicho halina mahali pa kuanzia safari wala pa kupumzika.

Ya pili ina kosa jingine. Amechanganya rangi zingali mbichi mpaka nyekundu, kijani na zambarau zimekulana, ikabaki rangi ya matope ya mbugani wakati wa masika. Kwa ubaya huo ameiita "Sauti ya Milele." Na ya nne, iliyo duara tupu zenye kung'aa, ameiita "Mateso ya Ulimwengu." Twasema wazi kwamba majina haya yamepewa mzigo ambao picha ilipaswa kuubeba. Ukiliondoa jina, mateso hayapo, ziko duara. Neno kubwa chini ya picha dhaifu ni kama kofia ya askofu juu ya kichwa cha mtoto: humdhihirisha udogo wake.

Ya tano ni afadhali. Ina rangi mbili tu, nyeupe na buluu ya samawati, na imetulia. Ila imetulia kama ukuta wa zahanati. Hatuna la kuongeza juu yake.

Ya sita ndiyo iliyotufanya tuandike maneno haya yote. Ni ubao mwembamba, mrefu kuliko kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Chini yote ni nyekundu ya vumbi, ile ambayo kila mtu aliyetembea Tabora mwezi wa Septemba huikung'uta katika pindo za nguo. Juu ya nyekundu hiyo imepita mistari myeusi iliyosimama, imeinama kidogo upande wa kulia, mingine mizito na mingine imekauka brashi ikakatika katikati. Chini yake vimepangwa vidoa vyeupe kwa safu: vinne, nafasi, vinne, nafasi, halafu vitatu. Hakuipa jina. Mmoja akasema ni miti ya miombo iliyoungua. Mwingine akasema ni wapagazi na nyayo zao. Kijana mwenyewe akasema hakuwaza lolote ila kwamba mistari isianguke. Jawabu lake ni zuri kuliko yetu. Picha ile inasimama kwa kuwa karibu ianguke.

Tulimpelekea picha hizo bibi mmoja mzee wa kijiji cha jirani, msusi wa vitunga, ambaye hasomi lakini kazi yake yajulikana mbali. Walimu walikuwa wameuliza "ya nini?" Yeye hakuuliza. Zile za kurusha rangi alizitazama kitambo kidogo, akaziegemeza ukutani. Ya sita aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akapitisha kidole kwenye vidoa vyeupe akivihesabu kwa sauti. Kisha akamwambia kijana: "Mjukuu wangu, juu hapa mkono wako ulijua unakokwenda. Huku chini ulichoka ukamaliza upesi. Kwa nini vitatu?" Kijana akajibu, "Shikamoo bibi, nafasi ilikwisha." Bibi akacheka, kwa kuwa shikamoo alikwisha kuipokea mlangoni, akasema, "Nafasi haiishi, hesabu ndiyo huisha. Mimi nikikosa hesabu nafumua."

Hatujasoma katika kitabu hukumu iliyo kamili kuliko hiyo. Vile vidoa vitatu si vibaya kwa kuwa ni vitatu. Kama angalivikusudia, pengine vingalikuwa ndiyo roho ya picha nzima, kama mpiga ngoma arukapo pigo moja ili watu washtuke. Vibaya ni kwamba vilitokana na ubao kuwa mfupi. Na kona hiyo ya chini ndiyo inayomtofautisha mdogo wetu na Mondrian, wala si jambo la Ulaya na Afrika.

Basi picha moja kati ya sita ni kitu. Kwa mtu wa miaka ishirini na miwili, asiye na mwalimu wa kuchora, moja si haba. Lakini je, aache chuo?

Tuwatazame waliotangulia. Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere na kisha Slade huko London. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ni heshima kubwa. Hata hivyo Ntiro alikula kwa ualimu wa Makerere, na tangu 1961 kwa kuiwakilisha Tanganyika kama Balozi huko London. Elimo Njau wa Marangu, aliyechora maisha ya Bwana wetu katika kuta za kanisa la Murang'a kwa sura za Kiafrika, naye alifundisha, na mwaka 1965 akaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi. Edward Said Tingatinga hakuwa na shule ndefu. Alitoka Tunduru, akafanya kazi za mikono Dar es Salaam, na kama mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama juu ya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa mhalifu, lakini jina lake limewalisha wanafunzi wake na wanafunzi wa hao mpaka leo.

Baba wa kijana atasema, "Mbona basi huyo wa Tunduru aliweza?" Aliweza kwa sababu wageni walikuwako Dar es Salaam, nao walitaka twiga na ndege. Tabora wageni ni wachache, na mistari myeusi juu ya vumbi jekundu hawaijii. Tunachokiogopa hasa si njaa. Twaogopa kwamba njaa itamfundisha kuchora twiga, twiga mia, twiga elfu, na mkono ule uliochora picha ya sita utasahau ulichokijua. Mondrian mwenyewe, akiwa tayari mtu mzima huko Paris, alichora maua ayauze apate kodi ya nyumba. Yeye mkono wake ulikuwa umekwisha kukomaa. Wa mdogo wetu bado.

Kwa hiyo twamshauri aende chuoni. Twajua ubaya wa shauri hili kuliko baba yake ajuavyo. Ualimu hula jioni za mtu kwa madaftari, na wako walimu wengi waliokuwa na sauti nzuri au mkono mzuri, ambao leo wana chaki tu. Asiende akidhani mshahara utamchorea. Aende akiwa ameshika rangi tatu na si zaidi kwa mwaka mzima: nyeusi, nyeupe na ile nyekundu ya udongo. Achore kila siku, hata kama ni mstari mmoja, na kila picha aweze kusema kwa nini aliikomesha pale alipoikomesha. Likizo apite kwa yule bibi wa vitunga. Ikiwa baada ya miaka hiyo moto ungali unawaka, viko Taasisi ya Sanaa Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa hufundishwa.

Na baba naye twamsihi asizitumie mbao zile kuziba dirisha la jiko, kama alivyosema kwa hasira. Hizo tano kijana aweza kuzipaka chokaa akachora upya juu yake, maana hadibodi ni ghali. Ya sita asiiuze, wala asiitengeneze ile kona ya chini. Achore nyingine ya kimo kile kile, yenye hesabu kamili, kisha azisimamishe zote mbili ukutani tuje tuzitazame pamoja na bibi.