Daftari Lililopoteza Nyambizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekisoma mara mbili kitabu cha Mmarekani Robert Kurson kiitwacho Shadow Divers, kilichotoka mwaka 2004, na mara zote mbili nimejikuta nikiupindua usemi huo. Humo daftari lilikuwapo, tena la serikali, nalo ndilo lililopoteza watu 56.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Septemba 1991, wapiga mbizi waliotoka pwani ya New Jersey walishuka kiasi cha mita 70 katika maji baridi ya Atlantiki, wakakuta nyambizi ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili. Kumbukumbu za vita hazikuonyesha nyambizi yoyote mahali pale. Mwaka huo huo John Chatterton aliibua kisu chenye mpini wa mti uliochongwa jina: Horenburg. Martin Horenburg alikuwa mkuu wa redio wa U-869. Lakini kumbukumbu zilidai kuwa U-869 ilizamishwa upande wa Gibraltar, Februari 1945. Basi karatasi ikaaminiwa, kisu kikatiliwa shaka. Hadi mwaka 1997, kilipoletwa juu kibati cha sanduku la vipuri chenye nambari ya chombo, ndipo ukweli ulipokubaliwa.

Kosa lilitoka wapi? Wakuu wa nyambizi hiyo walikuwa wameibadilishia safari, wakaiagiza iende Gibraltar. Yaelekea amri haikuifikia, nayo ikaendelea kuelekea Marekani. Baada ya vita, waliofanya hesabu waliisoma amri kana kwamba ni tendo. Hapa Kurson anastahili sifa kubwa: anatuonyesha jinsi kosa dogo la ofisini linavyoweza kuwalaza watu katika kaburi lisilo lao kwa nusu karne.

Sifa yake ya pili ni kuueleza mwili wa mpiga mbizi. Katika kina kile hewa ya kawaida humlevya mtu kama pombe, akasahau njia aliyoingilia. Naye hawezi kupanda kwa haraka. Lazima apumzike kituo baada ya kituo, la sivyo gesi iliyoingia mwilini itafanya mapovu katika damu. Watatu walikufa kwa ajili ya nyambizi hiyo. Wawili kati yao, mwaka 1992, walikuwa baba na mwana: mwana alinaswa ndani, baba akamsaidia, wakapanda bila kupumzika. Kurasa hizo zimeandikwa kwa utulivu, na ndizo bora kuliko zote.

Kwingineko utulivu huo unamtoka. Wapiga mbizi wake huzungumza kama watu wa sinema, na mabaharia wa Kijerumani wanapewa mawazo ya saa zao za mwisho, ingawa hakuna aliyetoka mle akasimulia. Zaidi ya hayo, anatuaminisha kuwa nyambizi iliuawa na topido yake yenyewe, iliyozunguka na kuirudia. Ni dhana inayowezekana, lakini wapo walioipinga. Tathmini mpya ya mwaka 2005 ilitaja manowari mbili za Marekani, Howard D. Crow na Koiner, zilizoshambulia eneo hilo tarehe 11 Februari 1945. Mwandishi aliyetufundisha kuishuku karatasi ametupa karatasi nyingine, akatutaka tuiamini kwa sababu imeandikwa vizuri. Huo, kwangu, ndio udhaifu mkubwa wa kitabu hiki.

Hata hivyo sikiweki kando. Chatterton na mwenzake Richie Kohler waliiona mifupa mle ndani, wakaamua kutoipekua, ingawa huenda jibu lilikuwa mifukoni mwa marehemu. Baadaye Kohler alisafiri hadi Ujerumani kuwaona jamaa zao. Kwa aliyefiwa, kujua ndugu yake amelala wapi si jambo dogo; sisi tunaofanya matanga tunalielewa bila kufundishwa. Msomaji na akisome kitabu hiki kwa ajili ya hao, wala asiwe mwepesi wa kumkubalia mwandishi kila anapodai kujua walivyokufa.