Kujitajirisha na kutajirisha: usemi mmoja katika kitabu cha Mengzi

Katika kitabu cha Mengzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo, mna usemi usemao kwamba atafutaye utajiri hatakuwa mwema, na atendaye wema hatatajirika. Wachina wa leo hutumia nusu yake ya kwanza kumlaumu tajiri asiye na huruma. Hapa tunakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo ni finyu, na kwamba sarufi ya Kiswahili yatusaidia kuipata iliyo pana zaidi.

Kwanza tutazame nani asema, na kwa nani. Usemi huo si wa Mengzi mwenyewe. Yeye aliunukuu kwa Yang Hu, mtumishi wa ukoo wa Ji katika dola ya Lu, aliyejinyakulia mamlaka ya mabwana zake. Mfafanuzi Zhu Xi (1130–1200) alieleza kwamba Yang Hu aliogopa wema usiharibu utajiri, ilhali Mengzi aliogopa utajiri usiharibu wema. Naye aliyeambiwa maneno hayo ni mtawala wa dola ndogo ya Teng, aliyeuliza namna ya kuongoza nchi, wala si mfanyabiashara.

Ndiyo maana maneno yanayofuata yahusu kodi. Mengzi ataka sehemu moja katika kumi, tena alaumu kodi iliyokadiriwa kwa wastani wa mavuno ya miaka kadhaa. Mwaka wa neema kodi hiyo huchukua kidogo. Mwaka wa njaa hudai kipimo kizima, hata mkulima akakope ili alipe. Wema unaozungumzwa hapa, basi, si sadaka ya tajiri kwa maskini. Ni kiasi ambacho mtawala humwachia mkulima.

Lakini mahali pengine kitabu hichohicho chasema kwamba mashamba yakitunzwa na kodi ikipunguzwa, watu waweza kutajirika. Na kwamba nafaka ikiwa tele kama maji na moto, hakuna atakayekosa wema. Je, Mengzi amejipinga? Neno la utajiri, *fu*, ni lilelile kotekote. Kinachobadilika ni kitenzi kinachoandamana nalo: kwanza *wei*, kufanya au kutafuta; kisha *shi*, kusababisha. Kichina cha kale hakilazimishi kumtaja mtendaji, kwa hiyo usemi wa kwanza waweza kumwangukia tajiri yeyote. Kitenzi cha Kiswahili, kwa kawaida, chadai kiambishi cha nafsi. Mfasiri akiandika kwamba tajiri hana wema, amegeuza tendo kuwa mtu. Akiandika kwamba mtawala anayejitajirisha hawezi kuwa mwema, na kwamba yampasa kuwatajirisha watu, mgongano watoweka: *-ji-* na *-wa-* zatenganisha mambo ambayo *fu* peke yake haikuyatenganisha.

Hata hivyo kasoro moja yabaki. Katika mazungumzo hayo Mengzi amtaka mtawala awe na kiasi, lakini hasemi ni nani atakayemzuia siku atakapodai kipimo kizima katika mwaka wa njaa. Mkulima ahurumiwa, ila hapewi la kusema.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayefasiri matini kama hii asiridhike na kamusi. Kabla ya kuandika neno utajiri, aulize ni wa nani, na nani aliyeuleta.