Mawe ya Butaro

Kutoka Kigali kwenda Musanze barabara inapanda ikizunguka vilima mpaka masikio yanaziba. Ukishafika Musanze udongo unageuka mweusi, na mawe unayakuta kila mahali: kwenye mipaka ya mashamba ya viazi, kwenye misingi ya nyumba, mengine yamerundikwa tu kando ya njia. Ni mawe ya volkano yaliyotapikwa na milima ya Virunga, ya kijivu iliyokolea, yenye vitundu vingi vya mapovu ya moto wa zamani. Wenyeji huyaita amakoro. Mkulima akikutana nalo jiwe hili kwenye jembe lake hulitupa pembeni, na hana sababu ya kulipenda.

Siku hizi watu wanaokwenda Rwanda kutazama majengo wengi huanzia Kigali, kwenye lile kuba la Kigali Convention Centre linalowaka rangi usiku. Sina ubaya nalo. Lakini mwenye siku moja tu ya kutazama jengo nchini humo namshauri aende kaskazini, mpaka Wilaya ya Burera karibu na mpaka wa Uganda, akaitazame Hospitali ya Butaro iliyojengwa kwa mawe hayohayo yanayotupwa na wakulima.

Hospitali ilifunguliwa Januari 2011, ikiwa na vitanda 140 hivi, katika wilaya yenye watu zaidi ya laki tatu. Ilikuwa kazi ya Serikali ya Rwanda na shirika la Partners In Health. Wachoraji wake wa ramani, MASS Design Group, walikuwa kikundi kilichoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Murphy na Alan Ricks wakiwa mbele. Wanafunzi hao walikuwa na hofu moja kubwa iliyotoka Afrika Kusini. Huko Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, mwaka 2005 na 2006, kifua kikuu sugu kiliwapata wagonjwa 53, wakafa 52, na uchunguzi ukaonyesha kuwa maambukizi ya ndani ya hospitali yalichangia. Yaani watu walikwenda kutibiwa, jengo likawaua.

Ndiyo maana Butaro huoni korido ya ndani ambamo wagonjwa wanasongamana na kukoholeana. Korido ziko nje, baraza ndefu chini ya paa. Wodi zina dari ya juu na madirisha pande zote mbili. Feni kubwa zinazunguka taratibu zikiipandisha hewa, na huko juu taa za miale ya urujuanimno zinaua vijidudu. Vitanda vimepangwa katikati ya wodi vikiegemea ukuta mfupi, ili mgonjwa akifumbua macho aone dirisha na vilima, badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Yote hayo ni akili ya wachoraji, na wamesifiwa sana kwa hayo. Kilichoniteka mimi pale ni kuta.

Ukuta wa amakoro wa kawaida, ule wa uzio unaouona njiani Musanze, huwa na saruji nyingi kati ya jiwe na jiwe, na mara nyingi mistari ya saruji huchorwa juu ya uso wa ukuta ili uonekane nadhifu. Saruji hiyo inasamehe mengi. Jiwe likiwa limekatwa vibaya, unajaza. Butaro mafundi waliambiwa waifiche saruji nyuma, mawe yakaribiane uso kwa uso mpaka pasibaki cha kujaza. Mtu asiyewahi kushika tindo anaweza kudhani ni jambo dogo. Jiwe la amakoro halina tabaka la kulifuata linapopasuliwa. Vile vitundu ndani yake havina mpangilio, na pigo likiangukia pabaya pembe uliyoihangaikia nusu saa inaanguka yote.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Fundi analiokota jiwe kwenye rundo na kuligeuza mkononi, kama mnunuzi anavyoigeuza nazi sokoni, akitafuta uso utakaotazama nje. Analipeleka ukutani, analipachika, anaona linapogoma. Analishusha. Nyundo na tindo, vipande vidogo, bila papara. Analirudisha tena. Linakaa vizuri kushoto lakini kulia limeacha mwanya wa kidole, na huo mwanya sasa unadai jiwe lake jingine, lenye umbo ambalo bado halijaonekana kwenye rundo. Huku anachunga jambo la pili: jiwe la juu lazima likae juu ya kiungo cha mawe mawili ya chini, la sivyo ufa utapata njia ya kushuka moja kwa moja. Na jambo la tatu ni kona, ambako jiwe lina nyuso mbili zinazoonekana na zote mbili ziifuate timazi. Mawe mazuri makubwa huwekwa akiba kwa ajili ya kona.

Simama karibu na ukuta huo, hatua moja tu, na uufuate kwa macho. Viungo ni vyembamba, vyeusi, vimepinda, na hakuna mstari unaojirudia. Jiwe dogo la pembe tatu limeingia kati ya manne makubwa na linaonekana lilizaliwa kwa ajili ya nafasi hiyo. Mvua ya Burera ikiulowesha, ukuta unakuwa mweusi kabisa na viungo karibu vinapotea. Ukizunguka majengo bila haraka unaona pia mkono wa fundi ukikomaa: mahali viungo vipana kidogo, mahali vingine vimebana. Hakuna aliyezaliwa anajua kazi hii. Walifundishwa wakiwa kazini, wanaume na wanawake, kwenye kilima kilichochimbwa kwa majembe badala ya matingatinga ili mishahara iwafikie wakazi wengi zaidi, na baadaye ujuzi huo ukaendelea kwenye nyumba za madaktari zilizojengwa jirani.

Sisi wa pwani tuna historia ndefu ya kujenga kwa mawe, lakini kwa desturi tofauti. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ukuta ni wa matumbawe, kisha lipu ya chokaa inaufunika. Sifa inakwenda kwa aliyepiga lipu, aliyechonga madaka, aliyenakshi mlango. Aliyepanga mawe hatumwoni mpaka nyumba ianze kubomoka. Kule Butaro fundi huyo hana pa kujificha, na wala hahitaji.

Ukirudi Kigali, pita Gahanga uone uwanja wa kriketi uliofunguliwa Oktoba 2017. Matao yake matatu yamejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, vimebandikwa tabaka juu ya tabaka, na tao kubwa linaruka mita 16 bila nguzo ya katikati. Ni kazi ya kushangaza. Hata hivyo, tao hufuata umbo lililokwisha kukokotolewa na mhandisi, na sifa kuu ni ya hesabu. Ukutani Butaro kila jiwe liliamuliwa na mtu aliyelishika, na kwangu hapo ndipo Butaro inaposhinda.

Ukienda, kumbuka ni hospitali inayofanya kazi. Omba ruhusa ofisini kwanza, usimpige picha mgonjwa, na usizibe baraza.

Na ombi langu ni kwa wenye kujenga. Mawe ya volkano hayako Rwanda peke yake. Goma, upande wa pili wa Virunga hiyohiyo, lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifunika sehemu ya mji, na mawe yake yapo. Arusha na Moshi nako Meru na Kilimanjaro wametuachia mengi. Kabla hujaagiza vioo vya kufunika ghorofa yako na viyoyozi vya kupambana na joto lake, mwite fundi mwashi wa hapohapo, mpe wiki moja ajaribu ukuta mmoja, aubomoe, aujenge tena. Na wiki hiyo umlipe.