Alichokiona Mwalimu Alipokuwa Mwanafunzi

Wasomaji wetu, wengi miongoni mwenu mmempeleka mtoto katika chuo cha ualimu, nanyi mwadhani kwamba ualimu wake ulianza siku ile alipofika huko. Kiko kitabu cha Kimarekani kikanushacho jambo hilo. Jina lake ni Schoolteacher, nacho kilitungwa na Bw. Dan Lortie, kikapigwa chapa Chicago mwaka 1975.

Bw. Lortie asema kwamba kijana aingiaye ualimu si mgeni wa kazi hiyo. Kwa hesabu yake, mpaka amalize shule ya sekondari amekwisha kukaa mbele ya walimu saa 13,000, na muda huo auita uanagenzi wa kutazama. Lakini ni uanagenzi wenye kasoro. Mwanagenzi wa seremala huambiwa kwa nini ubao huu umechaguliwa na ule umeachwa. Mwanafunzi yeye huona upande mmoja tu: mwalimu aingia, aandika, auliza, akasirika. Hakumwona usiku wa jana akitafuta mfano utakaofaa. Aliiona fimbo, wala hakuiona shaka ya aliyeishika. Sehemu hii ya kitabu ni bora kuliko zote, na kila mwalimu akiisoma atajitambua.

Wanachuo wajapo shuleni kwetu kwa mazoezi, andalio la somo huwa zuri mno. Limeandikwa "majadiliano ya vikundi" kwa mwandiko safi. Kelele zikizidi, andalio huachwa mezani, na sauti ya mwalimu wa zamani hutoka kinywani mwa kijana: "Tumeelewana?" Watoto wote huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Hata yule asiyeelewa neno. Hali kadhalika fimbo. Kanuni za Tanzania zasema mwenye ruhusa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Kijana aijua kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Mkono wake wajua nyingine.

Hata hivyo kitabu hiki hakitutoshi. Bw. Lortie aliwahoji walimu 94 wa miji iliyo karibu na Boston, nao aghalabu walisomeshwa kwa lugha ya nyumbani mwao. Kwa hiyo urithi huu auona kuwa jambo la mazoea na mapenzi. Kwetu kuna sababu nyingine. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, masomo karibu yote yageuka kuwa ya Kiingereza. Asiyeweza kuuliza swali kwa lugha hiyo hana budi kunyamaza, akanakili ubao, akakariri. Miaka ikipita, akiwa mwalimu, naye hujaza ubao maelezo. Tusiseme amwiga mwalimu wake kwa kumpenda. Hajapata kuona darasa linalojadiliana, na chuo chamwambia "wajadilishe" kana kwamba aliliona.

Tungependa pia kusoma zaidi habari za wale walioapa kutofanana na walimu wao. Tumewaona vijana waliopigwa sana, wakaazimia kutopiga kamwe. Azimio lao ni jema, lakini wajua la kuacha tu, hawajui la kuweka mahali pake. Basi fimbo ikiondoka, matusi na dhihaka huingia, na mtoto haoni nafuu.

Kwa maoni yetu, wakufunzi wangefanya vema kumwomba kila mwanachuo, kabla ya somo lolote la mbinu, aandike habari za kipindi kimoja anachokikumbuka, kisha aulizwe: mwenzako wa dawati la nyuma alikuwa akijifunza nini saa ile? Swali hilo ni gumu. Wafikao chuoni ni wale ambao mafundisho yale ya kukariri yaliwafaa, walau kwa mtihani. Wale yaliyowashinda wako mashambani na sokoni, wala hakuna awaulizaye.