Kuipima GDAL kwa Python

GDAL, maktaba ya kusoma na kuandika data za ramani na picha za setilaiti aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998, imeandikwa kwa C++. Majaribio yake mengi, yaliyomo kwenye folda ya autotest, yameandikwa kwa Python. Kuna sababu: jaribio la C++ hukompailiwa upya kila likiguswa, la Python hurekebishwa na kuendeshwa papo hapo.

Kiunganishi cha lugha hizo mbili hutengenezwa na SWIG. Husoma mafaili ya .i yanayotaja funksheni za maktaba, kisha huzalisha msimbo wa kuziita kutoka Python. CMake ikishaziona SWIG na Python, kazi hiyo hufanyika yenyewe.

Kasheshe huja baadaye. Kompyuta za watu wa ramani aghalabu huwa na GDAL nyingine, iliyoingia na QGIS au na mfumo endeshi. Usipoandaa mazingira, Python huichukua hiyo ya zamani, majaribio yanapita, nawe unaisifia maktaba ambayo hukuijenga. Skripti ya setdevenv.sh huelekeza PYTHONPATH na LD_LIBRARY_PATH kwenye folda ya ujenzi, ila iite kwa source. Ukiiendesha kama programu ya kawaida, mipangilio hufa pamoja nayo. Kisha chapisha gdal.__file__ na gdal.VersionInfo(). Faili la Python laweza kuwa jipya huku maktaba iliyo chini yake ni ile kuukuu, kwa hiyo kwenye Linux malizia na ldd.

Washa pia gdal.UseExceptions(). Katika matoleo ya 3, bila amri hiyo faili lisilofunguka hurudisha None tu, na kosa linakuja kulipuka mistari kadhaa mbele, mahali pasipohusika.

Hata hivyo, kutolipuka si ushahidi wa usahihi. Chukua Dar es Salaam, longitudo 39.28 na latitudo -6.8, uigeuze kutoka EPSG:4326 kwenda EPSG:3857. Tangu GDAL 3.0 ya mwaka 2019, EPSG:4326 hutanguliza latitudo. Ukianza na longitudo kwa mazoea, Dar inahamia magharibi ya Hispania, jirani na Ureno, bila onyo lolote. Jaribio linalouliza tu kama namba zimerudi litapita. Linganisha namba zenyewe, na uandike wazi OAMS_TRADITIONAL_GIS_ORDER pale unapotaka longitudo itangulie.